Siku Bwanali Alipoiacha Ndoo Ipite

Bwanali alikuwa mwongo. Tuanze na hilo, maana ukimsifu mtu kwa mengine ukaliacha lake, wanaomjua watakucheka mpaka uone haya. Alikuwa mwongo wa kutosha vijiji vitatu, na hapakuwa na mtu pale ukingoni mwa Newala, pale ambapo uwanda unakatika ghafla na chini yake unaliona bonde la Ruvuma, ambaye hajawahi kuingizwa mjini na Bwanali angalau mara moja.

Ila uongo wake ulikuwa na kibali. Yeye alizaliwa Masasi, chini ya ile milima ya mawe, akaoa Newala na kuhamia ukweni kwa mke wake Esha kama wanaume wengi wa kwetu wanavyofanya. Kufika huko akakuta jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni Isaka, wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wa kina Bwanali tangu enzi za mababu. Basi, ilikuwa kama kumtupa samaki majini. Mtani, kwa asiyejua, ni mtu wa kukutukana hadharani ukacheka. Anakunyang'anya sahani mkononi, anakula, na wewe huna pa kushtaki. Ukifiwa, ni yeye anayekuja kuiga sauti ya marehemu, kulia kilio cha uongo, hata kulala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe.

Na alikuwa na chake kilichompa jina. Siku ya kipaimara cha Happiness, binti wa Isaka, wageni walikuwa wameshanawa mikono, pilau iko mbele yao inafuka moshi, Bwanali akaruka akashika kichwa. "Jamani msile! Mjusi! Mjusi kaangukia chunguni, nimemwona kwa macho yangu!" Weee! Nani asiyejua kwamba mjusi kwenye chakula ni sumu? Watu walikimbia wengine wakaacha viatu. Katekista alitokea dirishani. Walipotulia na kurudi, walimkuta Bwanali amekaa mkekani peke yake, amekumbatia sinia, mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni. Isaka alicheka akalala chini. Dorika, mke wa Isaka, alimfukuza mtani wake na mwiko kuzunguka nyumba, naye anacheka. Habari ya mjusi ilisimuliwa Newala, ikashuka Masasi, ikazunguka Tandahimba ikarudi.

Mzaha mzaha hutunga usaha, wahenga walisema. Lakini nani huwakumbuka wahenga tumbo likiwa linauma kwa kicheko?

Kitu kimoja tu Bwanali hakukifanyia mzaha, nacho ni mto. Alikuwa mvuvi wa ndoana, na si ndoana ya kutupa na kwenda kulala. Wenzake walivua kwa nyavu, yeye alishika fimbo ya mwanzi na mshipi mwembamba usio na risasi ya kuuzamisha, chambo kinaelea juu ya maji kama kimeanguka chenyewe. Alikuwa akitazama wadudu kwanza, samaki baadaye. Nyasi zikichomwa bondeni, panzi wanakimbilia ukingoni, basi ni panzi. Joto la mwezi wa kumi likipamba moto, jioni wanatoka majini vidudu vyeupe, vyepesi, vinavyokwama midomoni ukizungumza, na perege wanapanda kuvidonoa kwa vinywa vyao vidogo. Hapo hakuna mtu anayeweza kuchomeka kidudu kama kile kwenye ndoana, kwa hiyo Bwanali aliivisha ndoana yake unyoya mweupe wa shingo ya kuku, akaufunga kwa uzi wa cherehani. Watu walimcheka kwamba anawashonea samaki nguo. Yeye alileta perege nyumbani.

Sikukuu yake, lakini, ilikuwa kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikishanyesha, jua likatoka tena, ardhi ya bondeni inatema kumbikumbi mpaka anga linageuka rangi. Wengi wao huangukia majini. Wakati huo mto bado haujajaa, maji yamebaki madimbwi makubwa kati ya michanga, na kila dimbwi linachemka. Perege, kambare, wadogo, wakubwa, wote wanagombania juu. Haidumu. Mbawa zikiisha kudondoka, basi, mpaka mwakani. Kwa hiyo siku ya kumbikumbi Bwanali hakusimama njiani kwa ajili ya mtu, hata awe mkwe wake.

Siku yenyewe mvua ilipiga mchana, ikakata. Bwanali alichukua fimbo yake akashuka genge kwa ile njia ya miguu, mawe yanateleza, roho inamdunda kwa furaha. Chini kabisa, karibu na mashamba ya mpunga, akakutana na Isaka anapanda. Kichwani ana ndoo imefunikwa majani ya mgomba.

"Shikamoo babu," Isaka akasema, na wao ni rika moja.

"Marahaba mjukuu wangu. Leo umeiba cha nani?"

"Nimevua. Tena kwa mikono hii. Wewe endelea kuishonea ndoana yako sketi." Isaka akafunua jani kidogo. Perege walijaa mpaka shingoni mwa ndoo, wakubwa, wanang'aa.

Bwanali aliduwaa. Miaka ishirini na kitu ya ujirani, hajapata kumwona Isaka akivua hata chura. "Wa dimbwi gani?"

"La Mkuyuni. Nilikwenda kutazama majaruba yangu, nikawakuta wanaelea wamelewa, wanangoja mwenyewe. Kuna mtu kamwaga utupa akaacha mabaki."

Utupa tunaujua. Ni mmea, mababu waliutwanga na kuumwaga dimbwini, samaki wanalewa, wanaokotwa, wanaliwa, na hakuna mtu aliyekufa. Kwa hiyo jambo lile halikumshtua Bwanali kama lilivyostahili kumshtua. Alinyoosha mkono kwenye mpini wa ndoo, maana ile ilikuwa haki yake: mtani hapitwi na ndoo ya samaki kama ile. Isaka alishajua, amekwishakunja uso wa kupigana mieleka ya mchezo. Lakini nyuma ya bega la Isaka, juu ya nyasi, kumbikumbi walikuwa wameanza kupanda.

"Una bahati," Bwanali akasema, akaushusha mkono. "Peleka. Niwekee kichwa, nakuja kula kichwa!"

"Kichwa chako nakiweka, mlafi wewe!"

Wakaachana hivyo, kila mtu anacheka na njia yake. Naye Bwanali akaiacha ndoo ipite, mara ya kwanza na ya mwisho.

Alipofika dimbwi la Mkuyuni, kumbikumbi walikuwa wanamwagika. Walianguka majini kwa maelfu, wakapigapiga mbawa, wakatengeneza vijiduara vidogo vidogo. Bwanali alichutama, akatega fimbo, akasubiri maji yachemke.

Hayakuchemka.

Kumbikumbi walielea tu. Walijikusanya upande mmoja kama pumba zilizopeperushwa, wala hakuna kinywa kilichopanda. Akadhani utupa umewamaliza wote. Akasogea ukingoni, ndipo alipomkuta ndege yangeyange amelala kifudifudi kwenye matope, mkia wa samaki umetokeza mdomoni. Hatua chache mbele, kenge, tumbo juu. Sasa, utupa huwalewesha samaki, lakini ndege akimla yule samaki huruka zake akaenda. Bwanali aliinama akanusa maji. Juu yalikuwa na mng'ao wa mafuta, na harufu aliifahamu kabla hajaitafutia jina. Ndiyo ile inayokaa kwenye shati lake kila anapopulizia mikorosho dawa ya maji, shati ambalo Esha anakataa kulifua pamoja na nguo za mtoto wao Pendo.

Kuna mtu, na mpaka leo hajulikani, aliona uvivu kutwanga utupa akamwaga dawa ya mikorosho. Akachukua alichochukua, akaenda. Mungu atamjua huyo.

"Isaka," Bwanali akasema peke yake. Akatupa fimbo akakimbia.

Bondeni simu hazishiki. Alipanda genge kwa mikono na miguu, anaanguka, anainuka, mpaka ile kona ya jiwe ambapo mtandao huwa unajaribu. Akapiga. Isaka akapokea, nyuma yake kuna kelele za watu.

"Mtani! Usile samaki! Wana sumu, si utupa ule, ni dawa ya mikorosho! Nisikilize, usile!"

Isaka akauliza taratibu, "Mjusi kaanguka tena?"

Kicheko kilicholipuka upande wa pili kilimfikia Bwanali masikioni kama kofi. Akasikia sauti ya Dorika, "Weka spika, weka spika wote wafaidi!" Akapiga mayowe, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mama yake. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. "Mwambieni akimbie," sauti moja ilisema, "samaki hawamngoji mtu." Simu ikakatwa. Alipopiga tena haikupokelewa, na ya tatu vilevile.

Alilia pale kwenye jiwe, kwa hasira. Halafu akapanda.

Jua lilikuwa linazama alipoingia uani kwa Isaka, ametapakaa matope, kifua kinapiga filimbi. Chungu cha samaki wa chukuchuku kilikuwa kimetoka tu motoni, hakijapakuliwa. Ugali wa muhogo uko tayari. Dorika na Happiness wameshika sahani, na Anselmo, kijana wa bodaboda wa jirani, amejikalia kwenye kinu akingoja chake. Isaka yeye alikuwa na tabia yake: hakungoja chungu. Alikuwa amebanika wawili kwenye makaa, wazima na matumbo yao, kama apendavyo, na miiba yao ilikuwa tayari chini karibu na mguu wake.

"Huyooo!" watu wakashangilia. "Kafika mwenye kichwa!"

Bwanali alikwenda moja kwa moja kwenye chungu akakipiga teke. Mchuzi ukamwagika uani, samaki wakatapakaa mchangani.

Unadhani walinyamaza? Walipiga makofi! Huo ndio utani wenyewe, mtani akikosa chakula hukimwaga wote mkose. Dorika alishika kiuno akasema, "Haya, safari hii umetuweza, sasa tutakula ugali na chumvi." Bwanali akaanguka magoti, akamshika Isaka miguu, machozi na kamasi vinamtoka. "Umekula wangapi? Mtani, umekula wangapi? Jitapishe! Nenda kajitapishe sasa hivi!"

"Kilio hicho kiweke akiba," Anselmo akasema akicheka, "mazishi hayakosekani."

Isaka alimtazama rafiki yake pale chini, na uso wake ulijaa mapenzi. Nasema mapenzi, maana ndivyo ilivyokuwa, alimpenda mwongo yule kuliko ndugu zake. Akachukua sahani iliyofunikwa kando yake. "Nilikuahidi, nikatimiza. Kichwa chako hiki, kikubwa kuliko vyote."

"Lete nikitupe!"

"Ukitupe? Kwani nimekujua leo?" Isaka akakirudisha nyuma, akakiuma. Bwanali alimrukia, Isaka akakwepa, akaanza kukimbia kuzunguka nyumba akitafuna, na Bwanali anamfukuza, na watu wanapiga vigelegele. Walizunguka vile mpaka Isaka alipokaa chini mwenyewe, akihema.

Alitoka jasho jingi kuliko mbio zile. Akajifuta. Kisha mate yakaanza kumtoka, akayafuta, yakatoka tena. Midomo ikamtetemeka. Akainua mkono kama anataka kusema kitu, akalalia ubavu, miguu ikaanza kurusharusha mchanga.

Na wao wakacheka. Ewe Mola, walicheka! Maana Isaka naye ni mtani, naye anajua kazi. "Kamjibu! Kamjibu!" Anselmo alisema, anajipiga mapaja. "Leo Bwanali kapata mwenzake!" Dorika alimwendea mumewe, akampiga teke dogo la upole. "Baba Happiness, inatosha, utachafua shati."

"Mama Happiness, hafanyi mchezo," Bwanali akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Hafanyi mchezo. Nisaidieni kumbeba."

"Na wewe inatosha."

Pembeni, kuku walikuwa wamejazana kwenye mchuzi uliomwagika. Dorika aligeuka kuwafukuza. Akasema "shii," hawakukimbia. Mmoja alikuwa amelala, shingo imepinda. Wa pili alitembea kidogo, akapepesuka, akakaa. Dorika alimwokota yule wa kwanza, akamtikisa, kichwa kikaning'inia. Kuku hawana watani. Alimtazama kuku, akamtazama mumewe, na ukelele alioutoa ulisikika mpaka sokoni.

Walimpakia kwenye pikipiki ya Anselmo, Isaka katikati, Bwanali nyuma amemkumbatia kifua ili asianguke. Barabara ilikuwa ya utelezi kwa mvua ile. Mate ya Isaka yalimlowesha Bwanali mikono yote miwili. Njiani aligeuza shingo kidogo.

"Mtani," alisema kwa shida, "kweli?"

"Kweli, ndugu yangu."

"Ungesema."

Sijui wewe unayesoma hapa, lakini mimi neno lile limenikaa. Hospitalini walimpokea kwa mbio, wakafanya wanayoyajua, na bado usiku ule haukumfikisha asubuhi.

Msiba ukawekwa. Watu wa ukoo wa Bwanali walipanda kutoka Masasi, watani wa marehemu, wakaingia na mizaha yao kama inavyotakiwa: huyu kavaa koti la marehemu kinyume, yule anadai marehemu kafa na jembe lake. Wafiwa walitabasamu ndani ya machozi. Ndiyo kazi ya utani, kumshikia mtu moyo wake siku anaposhindwa kuushika mwenyewe. Bwanali tu alikaa nyuma ya nyumba, karibu na mahali pa chungu, hakula, hakunywa maji. Esha alimpelekea uji akaurudisha.

Kaburi lilipokuwa tayari, mzee wa ukoo wa Isaka alimfuata. "Mtani mkubwa wa marehemu ni wewe. Wasipokuona wewe kaburini, watasema tumemzika kama mbwa. Inuka ukafanye kazi yako."

Akainuka. Watu wakampisha, na wengine tayari midomo imeanza kucheka kwa mazoea, maana Bwanali akiingia mahali, kicheko hutangulia. Alishuka kaburini. Akalala chali, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Hataki kutoka huyo!" mtu akapaza sauti. "Mpeni chake!" Sarafu zikaanza kutupwa, zinamwangukia kifuani. Kwa desturi mtani angefungua jicho moja, akasema hazitoshi, akadai kuku. Bwanali hakudai. Zaidi zikatupwa. Katekista, yule yule wa dirishani, akaangalia saa, akatabasamu kidogo.

"Samaki wana sumu," Bwanali akasema kutoka chini. "Msile. Wana sumu."

Jamani, kuna waliocheka. Wasilaumiwe, walifundishwa hivyo tangu utotoni. Akalirudia, sauti ikazidi kuwa ndogo, na kicheko kikapungua kimoja kimoja, mpaka ikabaki sauti yake tu na watu wakaanza kutazama viatu vyao. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. Hakuyafuta.

Dorika alijitoa mikononi mwa wanawake waliokuwa wamemshikilia. Alikwenda ukingoni mwa kaburi, akapiga magoti kwenye udongo mbichi. Tangu Bwanali ahamie Newala hakuwahi kumwita jina lolote isipokuwa mtani, au mlafi, au mwizi wa sahani.

"Baba Pendo," akasema.

Akafungua macho.

"Mimi na mwanangu tuko hai kwa sababu ulikipiga teke chungu. Nakuamini, Baba Pendo. Nimekuamini. Toka sasa, tumlaze mwenzako."

Akamnyooshea mkono. Bwanali aliushika, akapanda, udongo umemganda mgongoni, na jeneza likashushwa pale alipokuwa amelala.